Albamu Si Karatasi ya KCSE: Acheni Kuisahihisha Kabla Hamjaifungua

Wasee, hii tabia ya kupeana alama lazima tuiongelee, na leo sitaiongelea kwa upole.

Mambo huenda hivi. Albamu inatoka Ijumaa saa sita usiku. Ikifika saa sita na dakika 25, kuna mtu ashaweka posti: "4 kwa 10. Jamaa ameisha. Ile ya kwanza ndio ilikuwa moto." Albamu yenyewe ni ya saa nzima. Hiyo hesabu hata mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili naiona iko na shida. Huyo mtu ameskiza nyimbo tatu, akaruka tano, akaonja nusu ya ule wimbo ulio na staa mgeni, halafu akapanda kiti cha hakimu. Kufika asubuhi, watu wamejaa chini ya posti yake wakimwambia, "Asante, umeniokolea bando."

Hapo ndipo mimi hushikwa na hasira. Hujaokolewa bando. Umenyimwa muziki na mtu ambaye pia yeye hakuuskiza.

Msimamo wangu ni huu: kama hujaskiza albamu mwanzo hadi mwisho, kwa mpangilio ambao msanii aliupanga, angalau mara mbili, huna maoni. Uko na uvumi. Na uvumi ukipewa alama kwa kumi bado ni uvumi.

Najua tabia imetoka wapi. Sisi ni watoto wa nchi ya mitihani. Tangu darasa la kwanza tulipangwa kwa namba: nani wa kwanza, nani ameburuta mkia, nani ameangusha wastani wa darasa. KCPE iliamua unaenda shule gani, KCSE ikaamua kama mashangazi watakusalimia kwa furaha ama kwa huruma. Tukamaliza shule lakini kalamu nyekundu hatukuirudisha. Sai tunasahihisha nayo chakula, watu, sinema na muziki. Nikiwa chuo niliwahi kuandika insha ya kurasa 12. Ilirudi na alama kwa ukurasa wa kwanza, na kurasa za ndani zikiwa safi kabisa, hakuna hata nukta ya wino. Mtu alinipa alama bila kunisoma. Msanii aliyekaa studio miaka miwili akipata "4 kwa 10" ya saa sita na nusu usiku, anafanyiwa kitu kile kile, tofauti ni kwamba yeye anafanyiwa mbele ya watu.

Sasa acheni niwaonyeshe kile mnapoteza. Hizi ni albamu nimekuwa nikizizungusha miezi hii, na nimezitoa kila kona makusudi, ndio mtu asiniambie ati natetea aina moja ya muziki.

Anza na Bad Bunny, DeBÍ TiRAR MáS FOToS, ya Januari 2025. Wengi wenu mnaijua kwa kipande kimoja, kile watu waliwekea picha za babu na nyanya zao waliokufa, TikTok nzima ikalia. Jina lenyewe linamaanisha mtu anajuta kwamba hakupiga picha za kutosha. Kwa hivyo mkaamua ni albamu ya kukumbuka wapendwa, mkafunga faili. Kwa jalada kuna viti viwili vyeupe vya plastiki mbele ya migomba, vile vile vya kukodisha kwa matanga hapa kwetu.

Lakini ziko nyimbo 17 humo ndani, na ukizifuata kwa mpangilio unagundua ni kesi ya ardhi. Puerto Rico iko chini ya Marekani tangu 1898. Wenyeji ni raia wa Marekani, lakini anayeishi kisiwani hawezi kumpigia rais kura. Vijana wanahama, matajiri wa nje wananunua. Bad Bunny anaanzia New York, walikohamia watu wake wengi. Wimbo wa tatu ni salsa ya dakika sita, vyombo vikipigwa na vijana wanafunzi wa muziki. Baadaye anaingia plena, ngoma ya mtaani ya kwao. Wimbo wa 14 anasema waziwazi kwamba anaogopa kisiwa chake kisifanyiwe yale Hawaii ilifanyiwa. Ule wimbo wa picha ni wa 16. Ukifika hapo ukiwa umepitia 15 za kwanza, unaelewa kwamba anayeagwa ni nyanya pamoja na kisiwa chake. Mtu wa Kilifi ama Lamu anayejua maana ya kuzungushiwa ukuta ufuo ambao babu yake alivulia, huyo hahitaji hata kutafsiriwa. Wewe uliyeskiza sekunde 15 ulipata machozi ya bure ukakosa kesi yote.

Ya pili: Mdou Moctar, kutoka Niger. Huyu jamaa wa Agadez alijitengenezea gitaa lake la kwanza akitumia nyaya za breki za baiskeli. Anaimba kwa Kitamasheki, lugha ya Watuaregi. Mwaka 2024 alitoa Funeral for Justice, gitaa la umeme linapiga kelele kama linadai deni. Mwaka 2025 akatoa Tears of Injustice, na hapa ndipo wazee wa alama walianguka mtihani wao wenyewe. Nyimbo ni zile zile. Ukiona hivyo haraka haraka unasema jamaa hana jipya, anauza kitu kimoja mara mbili. Kumbe Julai 2023 kulikuwa na mapinduzi Niger, bendi ikiwa ziarani Marekani, wakakwama huko. Wakakaa chini wakazirekodi upya zile nyimbo bila umeme, polepole. Maneno hayajabadilika, lakini aliyekuwa anafoka sasa anaomboleza. Ni kama kumskia mzee akihutubia mkutanoni mchana, halafu umskie usiku akiyarudia yale yale kwa sauti ya chini, peke yake. Huwezi kuipata hiyo kwa wimbo mmoja. Lazima ukae na albamu zote mbili.

Sasa turudi nyumbani, ju hapa ndipo dhambi yetu ni kubwa zaidi.

Lord Spikeheart, The Adept, 2024. Metali, kelele, mashine, mtu anapiga mayowe mpaka unaogopa koo lake litapasuka. Ni yule alikuwa na kundi la Duma, vijana wawili wa Nairobi ambao albamu yao ya 2020 ilitolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Kenya tulimpa sekunde 20, tukasema "shetani," tukaenda. Huyu mtu ni kitukuu wa Muthoni wa Kirima, mwanamke wa Mau Mau aliyepewa cheo cha Field Marshal msituni, ambaye hakunyoa nywele zake za vita hadi 2022, mwaka mmoja kabla afariki. Sasa rudi uskize yale mayowe ukijua hivyo. Ulitaka mjukuu wa msitu aimbe nini, nyimbo za kubembeleza watoto?

KMRU, Peel, 2020. Hii sijui hata niiite muziki ama hali ya hewa. Hakuna biti, hakuna kiitikio, kuna mawimbi ya sauti yanayosonga polepole, na wimbo unaobeba jina la albamu unapita dakika 20. Ukiwa na kalamu nyekundu, hapa huna pa kusahihisha. Mara ya kwanza niliiskiza nikafikiri simu imeharibika. Mara ya tatu nilikuwa naskia friji ya jirani, mvua kwa mabati na pumzi zangu kama sehemu ya albamu. KMRU jina lake ni Joseph Kamaru, na amelirithi kutoka kwa babu yake, yule Joseph Kamaru wa nyimbo za Kikuyu ambazo wazee wenu wanazijua kwa moyo, aliyefariki 2018. Mjukuu amekuwa akizirudisha sokoni rekodi za babu mwenyewe. Wangapi kati yenu mnaosema muziki wa Kenya hauna kina mmewahi kumfungua yeyote kati ya hao wawili?

Vuka maji uende Zanzibar. Siti Muharam, Siti of Unguja, 2020. Ni kitukuu wa Siti binti Saad, mama wa taarab, aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi, ambaye Shaaban Robert alimwandikia wasifu. Mliosoma Fasihi mnalijua hilo jina. Je, mlishaskia sauti ya damu yake ikiimba leo? Kuna udi, kuna ngoma, na katikati kuna besi na mashine ambazo bibi hangezitambua, lakini hakuna mahali zinamfunika mwimbaji. Taarab imejengwa kwa subira. Vyombo vinaingia kwanza, vinazunguka, vinakuandalia kiti, ndio mwimbaji afungue mdomo. Wewe ushabonyeza wimbo unaofuata kabla hata hajavuta pumzi.

Mmeona kitu? Spikeheart, KMRU, Siti Muharam: wajukuu na vitukuu. Kila siku tunalia ati vijana wamesahau walikotoka. Vijana hawajasahau. Wameweka urithi ndani ya metali, ndani ya mawimbi, ndani ya taarab yenye mashine, halafu sisi tunapita hapo mbio tukitafuta wimbo wa kuchezea vidio.

Na drili? Buruklyn Boyz wa Buruburu, East Mpaka London, 2022. Malalamiko ni yale yale: "Wanaiga Waingereza." Skiza, jina la albamu limekuchorea ramani! Drili ilizaliwa Chicago, ikaenda London ikabadilishiwa mwendo wa besi, ikafika Eastlands ikapewa Sheng. Kila mtaa ulioipokea uliongeza chumvi yake. Benga yenyewe si ilizaliwa vidole vya watu wa Nyanza vilipochukua gitaa, chombo kilichotoka ng'ambo, vikalifanya liongee kama nyatiti? Hakuna mtu leo anaambia benga imeiga. Ukikaa na hiyo albamu nzima, ama na Victims of Madness ya Wakadinali ya 2020, unaskia kwamba kazi kubwa inafanywa na lugha. Sheng ya leo iko humo ndani, na siku moja watu watazirudia hizo albamu kujua tulivyokuwa tunaongea, venye sisi tunarudia Ni Wakati ya Kalamashaka ya 2001 kuskia Dandora ya wakati huo.

Sasa najua majibu yenu. Nayajibu moja moja.

"Bando ni ghali." Kweli, ni ghali, sitakataa. Lakini tuongee kama watu wazima: vidio zinakula bando kuliko sauti, na wewe uko kwa vidio masaa matatu kila usiku. Albamu moja ya saa nzima ni sehemu ndogo ya hayo. Usiseme huna. Sema umeamua kuitumia kwingine, hiyo ni haki yako, lakini basi usipeane alama.

"Siskii lugha." Na hukuskia Kilingala lakini ulicheza rumba kwa kila harusi ya familia yenu. Rosalía ametoa LUX, Novemba 2025, akiimba kwa lugha 13 na okestra nzima ya London nyuma yake. Hakuna binadamu wa kawaida anayeziskia zote 13, hata huko kwao Uhispania. Kutoelewa kila neno hakujawahi kuzuia mtu kuskiza. Kunazuia tu mtu mwenye haraka.

"Muziki ni wa kujiburudisha, wewe unatufanyia darasa." Sawa, jiburudishe. Skiza wimbo mmoja, uupende, uende zako, sina neno na wewe. Ugomvi wangu uko na yule anayejiburudisha na wimbo mmoja halafu anatangaza hukumu ya nyimbo 17. Ukila chapati moja kwa harusi, usitoke nje ukasema pilau ilikuwa mbaya.

Na wenzangu wa hii kazi ya kutengeneza vidio, nyinyi ndio naongea nanyi hasa. Najua alama huleta watazamaji. Najua algoriti hupenda ugomvi, na "10 kwa 10" ama "1 kwa 10" husambaa kuliko "niliiskiza mara tatu na bado naifikiria." Mimi pia kodi yangu inatoka hapa. Lakini hii si michezo, kuna pesa ya mtu hapa, na acheni niwaonyeshe venye inapotea.

Kwa Spotify, wimbo unahesabiwa umeskizwa ukipita sekunde 30. Ukiuruka kabla ya hapo, msanii hajapata kitu. Halafu tangu 2024 kuna sheria nyingine: wimbo usipofikisha kuskizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12, hauingizi hata senti. Mtu wa kiwango cha Bad Bunny haimhusu, yeye anafikisha hizo kabla umalize kupiga mswaki. Sasa mfikirie msanii wa Kayole ama Kisumu, hana lebo, amelipa studio kwa pesa ya kazi ya mkono. Ametoa nyimbo kumi. Wewe uliye na wafuasi elfu hamsini ukaonja mbili, ukaandika "3 kwa 10, ruka." Watu wako wakatii. Ule wa kwanza ukapita 1,000. Wa sita, wa saba, wa nane, zile alizoandika akilia, zikakwama kwa mia nne. Kwa hesabu za Spotify, hizo tatu hazidai kitu.

Mwaka unaofuata huyo msanii anafanya nini? Yeye si mjinga. Hatengenezi albamu tena. Anatengeneza wimbo wa dakika mbili, kiitikio kinaanza sekunde ya tano, katikati kuna mahali pa kucheza. Halafu wewe, wewe mwenyewe, unarudi kuandika posti ndefu: "Wasanii wa Kenya hawana albamu za maana siku hizi, wanatengenezea TikTok tu." Unashangaa nini? Umevuna ulichopanda, na bado unataka kumlaumu shamba.

Wakati huo huo, kuna watu wanaoskiza mpaka mwisho, na ni wa mbali. Tyler, The Creator alipotoa Chromakopia, aliitoa Jumatatu ya Oktoba 28, 2024, akaacha Ijumaa ya kila mtu. Ndani yake kuna wimbo uliojengwa juu ya sauti za Ngozi Family, bendi ya roki ya Zambia ya miaka ya 70. Kanye West mwaka 2018 alichukua kipande cha "Kothbiro" ya Black Savage, bendi ya hapa hapa Nairobi ya miaka hiyo hiyo ya 70. Mtu wa Marekani alichimba mpaka akaufikia wimbo wa Kijaluo ulio na zaidi ya miaka 40. Kijana wa Nairobi wa rika langu, uliza kama anaijua Black Savage. Wao wanachimba kwa shamba letu usiku na mchana, sisi tumesimama kwa geti tukipeana alama kwa rangi ya ukuta.

Kwa hivyo hii wiki, fanya hivi. Chukua albamu mbili. Moja ya Mkenya, isiwe ya mtu ambaye tayari yuko kwa mabango. Nyingine ya lugha ambayo huijui hata salamu. Izime ile sehemu ya kuchanganya nyimbo, acha zije zilivyopangwa. Skiza ukiosha vyombo, ukiwa kwa mathree Thika Road kwa jam, popote, mradi usiruke. Siku inayofuata irudie. Baada ya hapo ukiichukia, ichukie kabisa, hata mimi kuna albamu nimeziskiza mara tatu na chuki ikazidi kila mara. Njoo hapa chini tupigane. Lakini ukija, usiniletee namba. Niambie ni wimbo wa ngapi ulikukosea, na ni dakika gani.